Sura ya Saba: Ufunguo Uliolala Mutsamudu

"Nani mwingine huushika ufunguo huu?"

"Hakuna."

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri, bwana inspekta. Hakuna."

Inspekta Soidri aliweka kalamu chini akamtazama mtu aliyeketi mbele yake. Katika kazi hii alikwisha kuwabana watu wengi mpaka wakasema kweli, na wengine aliwabana wakasema uongo mtamu kuliko kweli. Huyu alikuwa wa kwanza ambaye Soidri alitamani kumpigia magoti adanganye, japo kidogo tu.

Jina lake Maoulida, dereva wa mfanyabiashara Assoumani. Mtu mfupi, mkavu, ndevu zimeanza kuingia mvi. Mikono yenye pingu alikuwa ameilaza juu ya meza kwa adabu, kama mtoto wa chuoni anayesubiri kukaguliwa kucha. Mbele ya mikono hiyo ulikuwapo ufunguo wenyewe. Chuma chake kilikuwa cha kawaida, lakini kichwa kilikuwa kinene, cha plastiki nyeusi, chenye kitufe kimoja na kitaa kidogo chekundu. Rimoti. Ukiielekeza kwenye jicho lililo juu ya kioo cha ndani cha gari ukabonyeza, milango inafunguka yenyewe. Ukibonyeza tena, inajifunga. Gari lilipoletwa, watu wa Moroni walikuwa wakisimama kando ya barabara kuutazama mwujiza huo, na wapo wazee waliosoma aya kimoyomoyo kabla ya kulikaribia.

Lilikuwa gari la Kifaransa, jekundu, la milango miwili, la kukimbia, katika kisiwa ambacho barabara zake hazikujengewa mbio. Wiki iliyopita gari hilo lilikuwa limemgonga mwalimu Boina wa Ntsoudjini kwenye njia ya Ikoni, likampitia, likaenda zake. Mwalimu alifia pale pale barabarani. Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo aliliona gari likipita, asimwone aliyeliendesha. Asubuhi yake lilikutwa katika banda la Assoumani, limefungwa vizuri, taa ya mbele imepasuka, uzi wa kanzu ya marehemu umenasa kwenye bampa. Hakuna kilichovunjwa wala kuchokonolewa. Aliyelichukua alilifungua, akaliendesha, akalirudisha, akalifunga.

Watu walisema mengi, kwa sauti ya chini. Mwalimu Boina alikuwa na ulimi mrefu juu ya wazungu wa kukodiwa, wale walioingia mwaka wa sabini na nane wakamrudisha rais mmoja na kumwondoa mwingine, kisha wakasahau kuondoka. Lakini mdomo wa sokoni haupelekwi mbele ya hakimu. Kinachopelekwa ni ufunguo.

"Tundu la mlango," alisema Soidri. "Chuma kinaweza kuchongwa. Pale sokoni Volo Volo wako watu wanaochonga funguo za makufuli. Mtu angekichonga chuma tupu, akafungua kwa mkono."

Hapo ndipo alipokuwa ameweka tumaini lake la kwanza, na alfajiri ile alikuwa amezunguka Volo Volo, katikati ya mafungu ya mihogo na vitambaa vya kutoka Dubai, akiwauliza wachonga funguo mmoja mmoja.

Maoulida alitikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba yeye ndiye anayemhoji Soidri. "Haiwezekani. Tundu la mlango limekufa tangu mwaka jana, limeliwa na chumvi ya bahari. Chuma hakiingii hata kwa nyundo. Lile gari linafunguka kwa rimoti tu. Na rimoti ziko mbili, zimezaliwa pamoja na gari, hazichongwi hapa wala Madagaska."

"Na hii haikuwahi kukutoka?"

"Naivaa shingoni. Hata msikitini."

"Hukuwahi kuiacha nyumbani, ukaenda kuoga?"

"Nikienda kuoga naitia kwenye mfuko wa nailoni, naitundika nikiiona. Jasho na mvuke ndio adui yake, bwana inspekta. Ndani mna vibati viwili vinavyoshika betri. Vikiota kijani, rimoti imekwisha. Kwa hiyo kila Ijumaa kabla ya swala naifungua kichwa, navipangusa vile vibati kwa kitambaa chenye tone moja la mafuta ya taa, naiacha ikauke kivulini. Si juani, jua linapinda plastiki. Bosi wangu hajui hata inavyofunguliwa. Mwaka wa tatu huu, haijawahi kukataa."

Alisema maneno hayo kwa fahari, maskini, na kila neno lilikuwa msumari katika jeneza lake. Soidri aliinuka kitini. Alimwendea karibu, akainama, akasema polepole.

"Maoulida, nisikilize. Keshokutwa Ijumaa wanataka kukuhamishia kambini kwa wazungu. Unajua wanaoingia kule wanavyotoka. Ungekumbuka kwamba usiku ule ufunguo ulikupotea, hata kwa muda mdogo tu..."

"Haukunipotea."

"Sikusema ulikupotea. Nasema ungekumbuka."

Dereva alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Bwana inspekta, nimeaminiwa kitu. Nikisema kilinipotea, nitakuwa nimekipoteza." Kisha akaongeza, "Mke wangu Saoudat bado yuko langoni?"

"Yuko."

"Mwambie Ijumaa alete mafuta ya taa kidogo. Ufunguo ufutwe, hata kama mimi nimo ndani."

*

Kamishna Ahamada hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na uchovu wa mkubwa huwaponza wadogo. Alimsikiliza Soidri huku akiupepea uso wake kwa jalada la kesi.

"Kiti cha dereva kilisukumwa nyuma mpaka mwisho wa reli," Soidri alisema. "Nimemkalisha Maoulida mwenyewe. Miguu yake haifiki kwenye breki. Aliyeendesha ni mtu mrefu."

"Kiti husukumwa na mkono wowote. Niletee kitu kisichosukumwa."

"Kuna rimoti ya pili."

"Iko Mutsamudu, mwanangu. Nani asiyejua? Mimi mwenyewe nilikuwapo arusini."

Ni kweli, nani asiyejua. Assoumani alikuwa mwenyeji wa Mutsamudu, na ndoa yake kuu, ile ya heshima ambayo huko mtu huweza kuifunga hata akiwa na mkewe na watoto wakubwa, aliifunga huko kwao, kwa mbwembwe ambazo watu wa visiwa vyote walizisimulia hata wale wasioalikwa. Katika zawadi za bibi arusi, juu ya sinia la dhahabu, katikati ya vikuku na mikufu, palilazwa ufunguo wa pili wa gari jekundu. Sinia lilipitishwa mitaani kichwani, kwa ngoma na vigelegele, mpaka nyumbani kwa mke. Na kitu kilichoingia nyumbani kwa mke kwa njia hiyo hakitoki. Mume akikitwaa tena, amejitangazia mwenyewe kwamba ndoa ile ilikuwa mchezo. Kwa hiyo kila mtu, kuanzia kamishna hadi muuza karanga, alikuwa tayari kuapa kwamba ufunguo wa pili umelala ng'ambo ya bahari, na mwenye ufunguo wa kwanza ndiye muuaji.

"Nipe ruhusa nikautazame umelalaje," alisema Soidri.

Kamishna aliupepea uso wake tena. "Nenda. Lakini Ijumaa ikifika sina kamba ya kumfungia mtu huyu hapa kwangu."

*

Ndege ndogo ilimshusha Soidri asubuhi ya Alhamisi, na teksi ikampitisha kandokando ya mikeka ya karafuu zilizoanikwa barabarani hadi Mutsamudu. Mji mkongwe ule vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye ugomvi hawawezi kupishana bila kusalimiana. Soidri, mtu wa Ngazidja, kisiwa cha Moroni, alisikiliza maneno ya wapita njia akayashika nusu. Kila alipouliza njia, walijua kwa kinywa chake kwamba ametoka Moroni, na walimjibu kwa heshima iliyofungwa vifungo vyote.

Nyumba ya Zaharia ilikuwa ya mawe, mlango wa nakshi, sebule ya baridi. Hakumpokea peke yake. Kaka wa mama yake, Fundi Ousseni, alikuwa ameketi tayari kwenye kiti kirefu, tasbihi mkononi. Huko fundi ni mwalimu wa dini, na mjomba ni zaidi ya baba. Huyu alikuwa yote mawili.

"Kwezi, fundi. Kwezi, bweni," Soidri alisalimu kwa salamu ya kwao, ambamo bweni ni bibi.

"Mbona," walimjibu, kama salamu hiyo inavyoitikiwa.

Zaharia alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga shiromani nyekundu, uso mtulivu. Soidri alimweleza haja yake kwa ufupi: ufunguo. Mwanamke hakuuliza swali. Aliingia chumbani akarudi na kijakazi wake, wamelibeba sanduku la mbao lenye pembe za shaba, wakaliweka sakafuni. Alilifungua mbele ya wote.

Harufu ilijaa sebule nzima. Karafuu, udi, na maua ya ilangilangi yaliyokauka yakawa rangi ya chai.

"Nalifukiza kila Alhamisi jioni," alisema Zaharia. "Tangu arusi. Kila kilichomo ni cha arusi yangu."

Alitoa mikufu, shiromani ambazo hazijavaliwa, chupa ya marashi, na mwisho kifundo cha hariri ya kijani. Ndani yake mlikuwa na ufunguo.

"Umeona?" alisema Fundi Ousseni. "Umelala mahali pake. Sasa unywe chai, urudi kwa amani."

Soidri aliuomba mkononi. Kwanza aliinusa ile hariri. Ilinuka karafuu kama sanduku. Kisha akaunusa ufunguo. Akautoa puani, akaunusa tena. Ulinuka tumbaku, na chini ya tumbaku mafuta yale ya kufukuza mbu ambayo wazungu wa kambini hujipaka mpaka ukipishana nao chafya inakutoka. Plastiki haidanganyi. Kitu kilicholala na karafuu miaka mitatu kinanuka karafuu hata ukikiosha kwa sabuni.

"Bweni, ufunguo huu umekaa humu tangu lini?"

"Tangu arusi," alijibu Fundi Ousseni.

"Nilimwuliza bweni, fundi, niwie radhi."

"Tangu arusi," alisema Zaharia. Macho yake yalikuwa kwenye sakafu.

Soidri alitoa kisu kidogo, akafungua kichwa cha rimoti jinsi alivyoelezwa na Maoulida. Vibati viwili vilikuwa vinang'aa. Katikati yake ilikuwamo betri mpya, na juu ya betri, tone la rangi ya kijani lililopakwa kwa ncha ya brashi.

Alilijua tone lile. Kambini kwa wazungu mtunza ghala alikuwa amechoka kukuta tochi na betri za jeshi zinauzwa kwa mafungu Volo Volo, akaamua kupaka kila kitu tone la kijani, hata vijiko. Tangu hapo hapakuwa na mfanyabiashara aliyethubutu kukigusa kitu chenye tone hilo. Soidri mwenyewe aliwahi kumtia ndani mtu kwa kukutwa na kurunzi moja.

Aliigeuza betri kwenye mwanga, akaiweka juu ya meza, upande wa tone juu. Tasbihi ya Fundi Ousseni ilisimama.

"Sikuja kuvunja nyumba ya mtu," alisema Soidri. "Yuko dereva Moroni, jina lake Maoulida. Hajaua. Kesho baada ya swala atachukuliwa kwa sababu nyinyi na mimi na mji mzima tunasema ufunguo huu haukutoka humu. Nilimwomba aseme uongo ajiokoe, akakataa. Yeye kaaminiwa ufunguo mmoja tu na anaufia. Wa pili ndio huu."

"Zaharia," alisema mjomba wake, "binti yako anaposwa mwakani. Watu watasema mama yake alirudishiwa zawadi. Zawadi iliyorudishwa, mke karudishwa. Nani ataleta sinia jingine mlangoni hapa?"

Zaharia alikuwa bado ameshika kile kitambaa cha hariri, akikikunja na kukikunjua.

"Ana mke, huyo dereva?"

"Anaye. Yuko langoni kwetu mchana kutwa na chakula alichokifunika."

"Na mimi ni mke wa mtu," alisema Zaharia. Kisha akainua uso. "Andika, inspekta. Alikuja mwezi wa Mfunguo Nne. Akaniambia ufunguo unaolala huharibika, betri inavuja, inakula matumbo ya rimoti. Akasema anaupeleka Moroni ukasafishwe, ataurudisha. Nikampa. Ningesema nini? Niite majirani? Haukurudi. Nilikuwa nafukiza sanduku kila Alhamisi na kitambaa kitupu ndani, wajakazi wasijue. Wiki hii aliuleta, na doti mbili za shiromani mpya. Nikauliza ulikuwa kwa nani. Akasema, kwa mtu ambaye hakataliwi. Kapteni Lormel, wa kambini. Akaniambia niurudishe ulivyokuwa, na nisifungue mdomo."

"Zaharia," alisema tena Fundi Ousseni.

"Lile gari sijalipanda hata siku moja, mjomba. Sijaliona. Nilikuwa napanda darini usiku nabonyeza kitufe, taa inawaka, basi. Hicho ndicho nilichoolewa nacho. Andika, inspekta, na jina langu lisomwe. Likifichwa halitamfaa mtu."

Fundi Ousseni aliinuka, akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka bila kuaga. Zaharia hakugeuka kumtazama. Alitia kidole gumba kwenye wino akakibana chini ya maelezo yake, kisha akafunga sanduku.

Soidri aliondoka na ufunguo mfukoni akiwa karibu kufurahi. Tuseme ukweli, alifurahi. Katika ndege ya Ijumaa asubuhi aliipanga kesi kichwani kipande kwa kipande, na kila kipande kilikaa mahali pake. Kiti, harufu, tone, kidole cha mke. Hakuna hakimu chini ya jua ambaye angeyapuuza. Masikini, alisahau kuuliza kama hakimu mwenyewe yupo.

*

Kamishna Ahamada aliyasoma maelezo yote bila kujipepea. Alipomaliza aliyakunja, akayalaza mezani, akayawekea kiganja.

"Umefanya kazi ya mtu mzima," alisema. "Ningekuwa na wengine kama wewe nisingelala usingizi kwa aibu. Ufunguo uko wapi?"

"Huu hapa."

"Njoo nao uani. Kuna mtu anausubiri."

Gari jekundu lilikuwa uani, taa yake imekwisha kubadilishwa. Ameegemea mlango wake mzungu mrefu mwenye nguo za kijeshi zisizo na bendera, sigara mdomoni. Soidri hakuhitaji kuambiwa jina. Harufu ya mafuta ya mbu ilimfikia kabla ya salamu.

"Ah," alisema Kapteni Lormel kwa Kifaransa, kwa uchangamfu. "Ndiwe uliyekwenda kuuchukua. Assoumani aliniambia ameurudisha kwa mkewe. Nilimwambia ni upuuzi, bado nauhitaji."

Alinyoosha mkono. Soidri alimtazama kamishna. Kamishna alikuwa anatazama ukuta.

"Huo ni ushahidi," alisema Soidri.

"Wa nini?"

"Wa kwamba wewe ndiye uliyekuwa na gari hili usiku aliokufa mwalimu Boina."

Soidri alitegemea hasira, au kicheko, au kukana. Mtu akikana, kuna mlango. Unaweza kutia mguu. Lormel alivuta sigara akafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za hali ya hewa.

"Ndiyo," alisema. "Halafu?"

Askari wawili waliokuwa wakiosha pikipiki waliendelea kuiosha mahali pale pale palipokwisha kuwa safi. Kamishna alimsogelea Soidri, akautoa ufunguo katika vidole vyake taratibu, kama unavyomtoa mtoto kitu chenye makali, akampa mzungu.

Lormel aliuelekeza kwenye kioo, akabonyeza. Milango ikalia. "Betri nzuri," alisema. Aliingia, akasita magoti yakiwa yamegonga usukani, akaguna. "Watu wenu wamekisogeza kiti." Aliinama, akakisukuma nyuma mpaka mwisho wa reli.

Gari likatoka langoni kwa kishindo. Vumbi jeusi la mawe ya volkano lilining'inia uani kwa muda, likashuka polepole juu ya viatu vyao.

"Maoulida yuko wapi?" aliuliza Soidri.

"Walikuja kabla ya swala. Hawakusubiri." Kamishna alizungumza akiwa amempa mgongo. "Saa sita wameniletea karatasi. Amekiri. Kaandika kwamba aliiba gari akaenda matembezi, akamgonga mwalimu."

"Maoulida hajui kusema uongo."

"Wamemfundisha, mwanangu."

Mtu yule alikataa uongo mmoja mdogo ambao ungemwokoa, na sasa wamemtoa mdomoni ule mkubwa wa kumwua. Na kule Mutsamudu mwanamke alikuwa amekalia sanduku lililopungua kitu, mjomba wake hamsemeshi, jina lake limeandikwa katika karatasi ambayo kamishna hangemsomea mtu yeyote. Soidri ndiye aliyekwenda kumwomba. Alikuwa amevuka bahari kuwatafutia watu hasara mpya.

"Maelezo ya yule bibi," alisema. "Nipe nimrudishie."

"Nitayachoma. Ndilo jema lililobaki kwake."

*

Langoni Saoudat aliinuka alipomwona, akajitandaza kanga vizuri mabegani. Alikuwa mfupi kama mumewe. Kumbe hakuna aliyemwambia. Gari la kambi lilipopita na mumewe, yeye alikuwa msalani kwa jirani.

"Bwana inspekta, umerudi salama. Ule ufunguo wa pili, uliupata?"

"Niliupata."

"Na ulikuwa umetoka, kama ulivyodhani?"

"Ulikuwa umetoka. Wamekubali wenyewe."

"Alhamdulillahi." Alifumba macho. "Basi atatoka."

Soidri alifungua mdomo. Alikuwa amewahi kuwaambia watu habari za vifo vya baba zao, za watoto waliozama, na kila mara alipata pa kuanzia. Sasa hakupata. Alijichukia hapo aliposimama, akajiona bure kabisa, inspekta mzima na vifungo vyake vya shaba.

Saoudat alitia mkono kifuani akatoa kichupa cha dawa ya macho kilichojazwa mafuta ya taa, kimezibwa kwa kipande cha kitambaa safi. "Alituma nilete. Leo Ijumaa."

Soidri alikipokea. Alirudi ofisini kwake, akafungua mtoto wa meza, akautoa ufunguo wa kwanza uliokuwa bado katika mfuko wake wa nailoni. Aliufungua kichwa. Alitia tone moja kwenye kitambaa, akavipangusa vile vibati viwili kwa uangalifu, akauacha ukauke mbali na dirisha, pasipo jua. Alikaa akiusubiri. Ulipokauka aliirudisha betri, akauelekeza uani, mahali palipokuwa na gari, akabonyeza. Taa ikawaka, nyekundu, safi kabisa. Maoulida alikuwa ameutunza vizuri mno.

Alipoinua macho alimwona Saoudat kupitia dirisha. Alikuwa amesogea kwenye kivuli cha ukuta wa lango, amekaa, na bakuli la chakula ameliviringishia kanga yake ya pili lisipoe.